Safari ya Kutafuta Mahali pa Nyumba

Kiwanja kikishanunuliwa Dodoma, kazi ya kwanza huwa ni kukisafisha. Katapila linaingia asubuhi, na kufika saa sita mchana miti yote ya mikungugu imelala, vichuguu vimesawazishwa, na mwenye kiwanja anaupiga picha udongo mwekundu uliobaki mtupu ili awatumie ndugu. Ukuta unafuata. Nyumba inawekwa katikati, ikitazama barabara, bila mtu kuuliza jua linazama wapi wala maji yanapita wapi. Mvua za Desemba zikianza, fundi anaitwa tena kuchimba mtaro wa kuyaondoa maji yaliyofika hadi barazani, na ikifika Agosti familia hiyohiyo inanunua maji ya boza. Nimeyaona haya kwa majirani na kwa ndugu wa karibu, watu wenye akili zao na wenye kuipenda ardhi yao. Kila nikiyaona nasikia uchungu, kwa sababu maji yaliyofukuzwa Januari ndiyo yanayonunuliwa Agosti.

Ekari zangu tatu ziko upande wa Hombolo, kilomita 40 hivi kaskazini mashariki ya Dodoma mjini. Ardhi inateremka polepole. Juu kuna mawe makubwa na mikungugu, katikati udongo mwekundu wa kichanga, chini kabisa udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mvua ya huku ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi inashuka kwa vishindo: saa moja ya gharika, kisha wiki mbili za jua kali. Nilitaka kujenga hapo boma la kudumu, lenye nyumba, mbuzi na ng'ombe wachache, miti ya matunda, mboga, zabibu kidogo, na maji ya mwaka mzima.

Maji yanayoteremka kwangu yanaelekea bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Historia ya mabwawa ya Dodoma inasikitisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa Kiswidi Anders Rapp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyapima baadhi yake, Ikowa na Matumbulu yakiwemo, wakakuta yanajaa tope kwa kasi ya kutisha. Tope lile lilikuwa mashamba ya watu. Lilitoka kwenye miteremko kama huu wangu, ikikwanguliwa kidogo huku na kidogo kule, hadi bwawa lililochimbwa kwa ajili ya vizazi likawa na kina cha goti. Basi kabla ya kumwita fundi yeyote nilifunga mkoba, nikaenda kuwatazama watu ambao wameishi kwenye miteremko kwa vizazi vingi na bado wana udongo chini ya miguu yao. Nilianza, hata hivyo, kwa kuwatazama walioukosa.

Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Kondoa ni kipande cha ile njia kuu ya Cape Town hadi Cairo, na basi linakimbia. Ukikaribia vilima vya Urangi unaanza kuyaona makorongo. Nilishuka, nikaingia ndani ya mojawapo. Kingo zake zilinipita kichwa mara kadhaa, na ukutani tabaka za udongo zilikuwa wazi, nyekundu juu ya rangi ya chai ya maziwa, mizizi ya miti ikining'inia hewani. Mchanga uliokuwa chini ulikuwa mkavu na safi, umechambuliwa na maji. Huko ndiko kulikofanyika mojawapo ya majaribio makubwa ya kuponya ardhi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Matingatinga yalichimba matuta ya kontua, miche ikapandwa, na bado ardhi iliendelea kuondoka. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi mgumu: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256.

Mzee mmoja wa Kirangi, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kuchunga, alinieleza huku tumekaa kwenye kivuli cha mwembe wake. “Tulilia, mwanangu. Kumwondoa ng'ombe ni kumwondoa mtu nyumbani. Lakini majani yalirudi yenyewe. Hakuna aliyeyapanda.” Nilimuuliza kama walifanya sawa. Alinyamaza, kisha akasema watoto wake walisoma kwa maharage na alizeti zilizoota mahali ambapo yeye alichunga kwenye changarawe, na kwamba uchungu wa siku ile haujamtoka. Ninaheshimu yote mawili. Mifugo iliruhusiwa kurudi baadaye, safari hii ikifugwa ndani na kukatiwa majani, na siku ile niliona ng'ombe zizini kwake akitafuna mabingobingo yaliyooteshwa kwenye kingo za shamba.

Jambo moja la Kondoa lilibadilisha mpango wangu palepale, nalo ni kwamba mzizi uliobaki ardhini ni mali. Mikungugu yangu ilikuwa imekatwa kwa mkaa na wenye ardhi waliotangulia, lakini visiki vilikuwa hai, kila kimoja kikitoa machipukizi mengi yanayogombania maji. Katika mkoa wa Dodoma njia ya kuvitunza inaitwa kisiki hai, na asili yake ya karibuni ni kazi ya Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa Niger mwaka 1983 alipotambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku vilikuwa miti iliyokatwa. Kazi yenyewe ni ya panga kali na subira. Unachagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine kuanzia chini, unafunga kitambaa ili wachungaji wajue mti huu una mwenyewe, kisha unaulinda. Mizizi tayari iko chini, imekwisha kuyafikia maji ambayo mche wa kitaluni ungeyatafuta kwa miaka. Nilimpigia simu kijana anayenilindia shamba, nikamwomba asimruhusu mtu yeyote mwenye katapila hata kwa bei ya hisani.

Babati nilipita, Arusha nikalala tu, na asubuhi yake nikawa Moshi.

Kutoka Moshi mjini kwenda Shimbwe Juu ni kupanda mwanzo mwisho. Bodaboda inanguruma kwa gia ya kwanza, joto la tambarare linabaki nyuma, na kabla hujajua uko ndani ya kivuli. Mgeni atadhani ameingia msituni. Ukweli ni kwamba uko katikati ya makazi ya watu wengi sana, kila familia na kihamba chake, yaani shamba linaloizunguka nyumba, na mara nyingi hakifiki hekta moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Wachaga wameishi hivi kwa karne nyingi kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, na ardhi imewalisha bila kupumzishwa.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo ya mama yangu, kitenge kiunoni na mundu mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu. Umetoka Dodoma yote kuja kuangalia migomba?”

“Nimekuja kuona ulivyokipanga kihamba, mama.”

“Mimi sikupanga. Nilikuta.”

Kisha akanitembeza muda mrefu akinionyesha mambo ambayo hakika aliyapanga yeye, kila siku, kwa mundu ule. Juu kabisa ni mringaringa, mruka na mgrivea. Matawi ya mruka hupunguzwa ili mwanga ushuke kwa kiasi, na majani yake, mti huu ukiwa wa jamii ya mikunde, yanaurutubisha udongo yakianguka. Chini yake migomba, na chini ya migomba mibuni, zao lililoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 likakuta nafasi yake tayari imeshaandaliwa kivulini. Chini ya mibuni kuna maharage na mboga, magimbi yakifuata mahali penye unyevu. Viazi vikuu vinapanda juu ya miti. Mpakani ni masale, mmea ambao Mchaga huutumia pia kuombea msamaha, na pengine ndiyo maana mipaka ile imedumu.

Hapo mbele yangu aliukata mgomba uliokwisha kuzaa. Aliuangusha kwa mapigo mawili, akaupasua kwa urefu, nusu akaikata vipande na kumpelekea ng'ombe. Nusu iliyobaki aliilaza chini, si popote tu, bali kwa upana wa mteremko, ndani ikitazama juu, akaisukuma kwa mguu hadi ikakaa vizuri. Nilichutama nikafunua mgomba mwingine uliolazwa zamani. Upande wa juu udongo mweusi ulikuwa umejikusanya kimo cha vidole vinne, umelowa, umejaa minyoo. Upande wa chini ulikuwa chini zaidi. Kwa hiyo kila mgomba unaokufa kwenye kihamba kile ni tuta dogo, na mama yule amekuwa akijenga matuta maisha yake yote bila jembe la trekta.

Zizi la ng'ombe liko hatua chache kutoka jikoni. Sakafu yake ina mwinamo, na mkojo unafuata mfereji mwembamba hadi kwenye shimo lililojaa majani makavu, na kutoka hapo samadi inakwenda kwenye migomba. Ndizi za mtori na za kupika kila siku ziko karibu na mlango wa jiko, za mbege ziko mbali. Mchicha na mnafu viko pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Bill Mollison na David Holmgren, Waaustralia walioandika mwaka 1978 juu ya kilimo cha kudumu na ambao mawazo yao sasa yanafundishwa dunia nzima, wanashauri kwamba kinachotembelewa mara nyingi kiwe karibu na nyumba, na kinachotembelewa mara chache kiwe mbali. Nawaheshimu sana kwa kulieleza jambo hilo vizuri. Mama wa Shimbwe analiishi, na anastahili kutajwa kabla yao.

Juu ya kihamba unapita mfongo, mfereji wa asili unaoyachukua maji ya kijito kutoka juu zaidi mlimani na kuyapitisha pembeni mwa mteremko kwa mwinamo mdogo mno, kiasi kwamba kwa macho unaona kama maji yanapanda. Kila familia ina zamu. Mlango wa kuingizia maji ni jiwe, ganda la mgomba na fungu la tope. Ukifungua kwa mkono maji yanaingia, na ukimaliza unaziba kwa tope lilelile ili jirani apate. Anayeiba zamu anajulikana, na anayekwepa kuzibua mfongo siku ya kazi ya pamoja anajulikana zaidi.

Nilimuuliza kwa nini nyumba yake imekaa pembeni, kwenye ukingo wenye mawe, wakati katikati kuna sehemu tambarare nzuri.

“Baba mkwe alijenga kwenye mwamba,” alisema. “Udongo mzuri haukaliwi. Unalimwa.”

Nimelibeba neno hilo kuliko yote niliyoyasikia njiani. Sisi tunaojenga leo tunachagua kwanza sehemu bora ya kiwanja, ile laini, tambarare, yenye udongo wa kina, tunaimwagia zege, kisha bustani tunaipeleka kwenye kifusi. Kwa mtu anayetaka kula kutoka katika ardhi yake, huko ni kuanza na hasara.

Sitaki kumchorea msomaji pepo. Vihamba vinagawanywa kati ya watoto wa kiume hadi vinakuwa uwanja wa nyumba tu, na mabinti wengi bado wanaambiwa kwamba hawana fungu. Kuna mibuni iliyong'olewa kwa sababu bei haikulipa jasho. Mifongo mingine imekauka, imekatwa na ujenzi au imeachwa kwa kuwa vijana wako Arusha na Dar es Salaam. Mama yule ana wajukuu mjini na hajui nani atashika mundu. Aliniambia hivyo bila kulalamika, akinifungia kikapu cha magimbi ambayo sikuwa na namna ya kuyakataa.

Tena si kila kitu cha Shimbwe kinaweza kusafiri. Kilimanjaro ina masika na vuli, udongo wa volkano na vijito visivyokauka. Hombolo ina msimu mmoja wa mvua na jua la kuchoma. Mtu akipeleka mgomba na mbuni Dodoma atakuwa ameyachukua majani na kuyaacha mawazo. Nilichokuwa nakitafuta ni mpangilio: nani yuko juu ya nani, nani anamlisha nani, na maji yanapitia kwa nani kabla ya kuondoka. Kwa hiyo niliteremka kwenda Same, ambako mvua ni haba na watu wamelazimika kuwaza zaidi.

Milima ya Upare inasimama juu ya nyanda kavu, na katikati ya ukijani wa juu na ukame wa chini Wapare waliweka ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa mlimani, juu ya mashamba. Kijito ni kidogo mno kumwagilia chochote kikiachwa kitiririke tu, kwani maji yake yangenyonywa na mfereji kabla ya kufika shambani. Kwa hiyo usiku, watu wakiwa wamelala, kinajaza ndiva. Asubuhi mlango unafunguliwa, na maji yaliyokusanywa usiku kucha yanashuka kwa nguvu moja hadi shamba la mwenye zamu. Hakuna pampu wala mafuta. Uzito wa maji unafanya kazi yote, kwa sababu mtu fulani zamani aliamua kuyahifadhi juu ya mahali yanapotumika. Tope linalojikusanya huondolewa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Mpare mzima haikosi bila sababu ya kueleweka.

Nilikaa kwenye ukingo wa ndiva moja alfajiri, nikimtazama mzee aliyekabidhiwa mlango. Alipouzibua, maji yalitoka na sauti nzito, na watoto wawili wakakimbia mbele yake kwenye mfereji wakiondoa majani. Nilimuuliza kama ningeweza kujenga kama ile Dodoma. Aliuliza maswali mawili tu: jua la kwenu likoje, na kijito kiko wapi. Alikuwa na haki. Dodoma maji yanayoweza kupotea kwa mvuke katika eneo la wazi hupita milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua yenyewe. Bwawa dogo la wazi kwenye ekari zangu lingelinywesha jua. Nilichukua nusu ya somo: maji yawekwe juu, lakini yawekwe ndani ya tangi lililofunikwa na ndani ya udongo.

Nilirudi kwa basi hadi Morogoro na kumalizia kwa treni ya SGR. Kati ya Kilosa na Gulwe, treni ikitoka kwenye mahandaki, niliitafuta dirishani reli ya zamani ya kati. Mafuriko ya bonde hili yameikata mara nyingi, na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga kwa miezi. Mto unaoleta mafuriko hayo unakusanya maji ya Kinyasungwe, na Kinyasungwe ni mto wa Dodoma, uleule uliozuiwa na bwawa la Hombolo. Nilikuwa natazama, pale chini ya daraja, mchanga ambao huenda ulipita shambani kwangu. Kila aliyefyeka mteremko huko juu alichangia, na hakuna aliyetumiwa bili.

Nilipofika shambani nilianza na kipimo cha A. Ni vijiti viwili vya mita mbili vilivyofungwa juu na kupanuliwa chini, kijiti cha tatu kikipita katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Unakisimamisha, unaweka alama uzi unapogusa, unageuza miguu, unaweka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo palipo sawa. Kisha unatembea nacho mteremkoni. Mguu mmoja unatulia, mwingine unatafuta juu na chini hadi uzi uguse katikati, na hapo unachomeka kijiti. Jioni mstari wa vijiti ulikuwa umepinda kwenye shamba langu kwa namna ambayo jicho langu halikuitarajia kabisa. Mahali nilipodhani pako tambarare palikuwa na bonde dogo, na bonde hilo lilielekea palepale nilipokuwa nimewaonyesha watu kuwa patakuwa sebule.

Kwenye mistari hiyo tutachimba makinga maji ya fanya juu, ambayo Wakamba wa Machakos wamefahamika nayo kote duniani: mtaro unafuata kontua, udongo wake unarushwa upande wa juu, tuta linaoteshwa majani, na mwaka baada ya mwaka shamba lenyewe linajisawazisha kuwa ngazi. Kati ya tuta na tuta nitatumia mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapahapa Dodoma, kila shimo likiwa na upana wa sentimita 20 na kitu na kina cha 30 hivi, likitiwa samadi na majivu kabla ya mvua. Humo mtama na uwele vinaota hata mvua ikikata katikati ya msimu. Ghorofa zangu za kihamba zitakuwa za nchi kavu. Juu ni mkungugu, ambao maganda yake ni chakula cha mbuzi, pamoja na mkwaju na mbuyu mmoja niliourithi. Katikati ni mlonge, mbaazi, mkomamanga na zabibu. Chini ni kunde, karanga na mlenda. Mbuga nyeusi ya chini sitaigusa kwa jengo lolote. Itabaki ya majani ya mifugo na ya mpunga mwaka mvua ikikubali.

Nyumba inakwenda juu, kwenye mawe. Hapo pamenipa faida ambazo sikuzitarajia. Msingi ni mfupi, upepo unapita, na maji ya bati yanashuka yenyewe kwenda bustanini. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 550 linapokea lita 55,000. Ukitoa zinazomwagika na zile za kuoshea bati mvua ya kwanza, zinabaki kama lita 45,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga, miezi saba ya kiangazi inahitaji lita 21,000. Hesabu hiyo niliifanya mara nyingi kwa sababu sikuamini. Paa la kawaida, tangi kubwa na mfereji wa bati uliofungwa vizuri vinatosha kumwondoa mwenye boza mlangoni.

Umbo la nyumba nimelichukua kwa Wagogo wenyewe. Tembe lilikuwa fupi, lenye kuta nene za udongo, limeuzunguka ua ambamo mifugo ililala na upepo ulishindwa kuingia. Paa lake la udongo haliwezi kuvuna maji ya kunywa, kwa hiyo nitaweka bati, lakini kuta nene na ua vinabaki. Matofali yatakuwa ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo yaliyoshindiliwa kwa mashine, kama yalivyohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti unaokufa ili ukuta usimame. Kuta ndefu zitatazama kaskazini na kusini, zile fupi zikabili mashariki na magharibi, maana katika nchi hii jua linaloumiza ni la asubuhi na la jioni linapoingia dirishani likiwa chini. Upepo wa huku hutoka mashariki karibu mwaka mzima, basi zizi na choo vitakuwa magharibi, chini ya nyumba.

Kabla ya jembe la kwanza nilishuka kwa jirani wa chini, mzee wa Kigogo anayelima uwele. Nilimsalimu “Mbukwenyi”, akaniitikia na kunivutia kigoda. Maji yangu yote, kwa miaka, yamekuwa yakimwingilia kupitia njia ya ng'ombe na kumchimbia korongo katikati ya shamba. Nilimweleza kwamba makinga maji yatapunguza mengi, lakini mwaka wa gharika yatafurika, na nilitaka tukubaliane yatokee wapi. Tulitembea mpakani wote wawili. Alikataa mahali nilipopapendekeza, akanionyesha pengine, penye miamba isiyochimbika, ambapo maji yakitoka yataingia taratibu kwenye bonde lake la majani. Kisha akaomba kipimo cha A akikagua uzi na jiwe, na akasema wanawe watakuja kusaidia kuchimba kama mstari wa mwisho utaendelea hadi upande wake. Tumekubaliana kuanza baada ya mavuno, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Nyumba itasubiri mvua moja ipite juu ya makinga maji hayo, na ikionekana maji bado yanataka kupita pale nilipochora jiko, jiko litahama.